Vijana na Kazi ya Injili: Kutoka Migombani Hadi Nyikani

Katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania maneno "vijana ni kanisa la kesho" yamesemwa mara nyingi: kwenye sikukuu za vijana, kwenye ibada za kipaimara, na hata kwenye vikao vya halmashauri ambavyo ndani yake hakuketi kijana hata mmoja. Husemwa kwa nia njema. Hata hivyo, mtu anayeisoma historia ya Injili katika miteremko ya Kilimanjaro na Meru tangu mwanzo wake atastaajabu kuona jinsi maneno hayo yanavyopingana na yaliyotokea. Kanisa la kwanza katika nchi hii ya migomba lilikuwa kanisa la vijana, kwa sababu halikuwa na watu wengine. Wazee walikaa pembeni wakitazama. Waliokuja kujifunza kusoma, waliolala misioni, waliobatizwa na kisha kutumwa kufundisha ng'ambo ya mto, walikuwa wavulana na vijana, na baadaye kidogo wasichana pamoja nao. Sharika nyingi ambazo zimekwisha kuadhimisha miaka 100, au zinazoiadhimisha sasa, zina asili hiyo hiyo: palikuwa na kijana mmoja aliyetumwa, kibanda kimoja, na watoto wachache waliokaa chini juu ya majani.

Wavulana wa misioni

Mwaka 1885 Waanglikana wa chama cha misioni cha CMS walifungua kituo Moshi, katika himaya ya Mangi Rindi. Kazi ilikwenda polepole. Mwaka 1892, baada ya mapigano kati ya Wajerumani na Mangi Meli, mwana wa Rindi, wamisionari hao walilazimika kuondoka mlimani na kuhamia Taveta. Jambo la kukumbukwa ni kwamba hawakuondoka peke yao. Baadhi ya vijana waliokuwa wakifundishwa nao waliacha nyumba za baba zao wakawafuata, wakashuka mlima na kuingia nchi ya watu wengine, kwa ajili ya mafundisho ambayo wengi wa ukoo wao hawakuyaona kuwa na maana yoyote.

Mwaka uliofuata, 1893, Misioni ya Leipzig ilipokea kazi hiyo. Wamisionari wake walifika Machame kwa Mangi Shangali wakajenga Nkarungo. Mamba ilifuata mwaka 1894, na Moshi ya Kale, mahali paitwapo Kidia, mwaka 1896. Emil Müller, Gerhard Althaus na wenzao walikuwa watu wenye umri mdogo, na waliowazunguka walikuwa wadogo zaidi: wavulana waliokuja kutafuta kazi ya kuchota maji, kulima bustani na kubeba mawe ya ujenzi, au waliotumwa na wakubwa wao ili pawepo mtu wa nyumbani atakayejua siri ya barua. Walifundishwa herufi na hesabu, wakafundishwa Amri Kumi na Katekisimo Ndogo ya Martin Luther. Kabla ya mwaka 1900 baadhi yao walikuwa wamekwisha kubatizwa.

Kwa wazee jambo hili halikuwa dogo. Kijana wa Kichagga alijengwa na ukoo wake, na rika lake, na mafundisho ya jando. Alishiriki matambiko ya wahenga. Alimtegemea baba yake kwa kihamba na kwa mahari. Aliyekataa kuinama katika tambiko la ukoo alihatarisha mambo hayo yote kwa siku moja. Neno "mwongofu" limekuwa jepesi midomoni mwa watu siku hizi, lakini kwa kijana wa wakati ule lilikuja pamoja na swali la mahali atakapolala, na swali la ng'ombe atakaooa kwao watatoka zizi la nani. Wasichana walikuwa na mzigo mzito zaidi, kwa kuwa binti aliyetaka kusoma na kubatizwa alionekana kuharibu mapatano ambayo baba yake alikwisha kuyafanya na ukoo mwingine.

Akeri, Oktoba 1896

Ewald Ovir na Karl Segebrock walitoka nchi za Baltiki, ambazo wakati huo zilikuwa chini ya Dola ya Urusi. Walitumwa kwenda kufungua kituo cha kwanza Meru, wakapiga hema zao Akeri. Usiku wa kuamkia tarehe 20 Oktoba 1896 wapiganaji wa Meru na Arusha waliwavamia wakawaua. Wamisionari hao wawili walikuwa hawajafikisha miaka 25. Pamoja nao waliuawa Wachagga waliofuatana nao katika safari hiyo kama wasaidizi. Vitabu vingi huwataja Ovir na Segebrock kwa majina yao na kuishia kuwaita wengine "wasaidizi" au "wapagazi", ingawa damu iliyomwagika pale ilikuwa ya Baltiki na ya Kilimanjaro kwa pamoja.

Wamisionari hao walitaka kuonekana kuwa watu wa amani. Lakini Kapteni Johannes wa boma la Moshi alikuwa na askari wake karibu na hapo, na watu wa Meru hawakuwa na sababu ya kumtofautisha Mzungu wa Biblia na Mzungu wa bunduki. Kisasi kilichofuata kilikuwa kikali mno. Nyumba zilichomwa, migomba ikafyekwa, ng'ombe wakatekwa, na katika jeshi la Johannes walikuwamo wapiganaji wengi wa Kichagga. Miaka michache baadaye, tarehe 2 Machi 1900, viongozi 19 wa Kichagga, Meru na Arusha walinyongwa Moshi kwa amri ya Wajerumani, Mangi Meli akiwa mmoja wao. Mambo haya yana uchungu, na kitabu cha jubilii hakipendi sana uchungu, lakini kuyaruka ni kuwanyima haki wale waliokuja baada yake.

Waliokuja baada yake walikwenda Meru tena. Mwaka 1902 kituo cha Nkoaranga kilifunguliwa, na mwaka 1904 Ilboru, katika nchi ya Waarusha. Wamisionari walifika Meru pamoja na Wachagga waliowasaidia, katika nchi ambayo miaka 6 tu iliyotangulia ilikuwa imechomwa na watu waliosema lugha yao. Ni vigumu leo kupima ujasiri uliohitajiwa na pande zote mbili: Mchagga aliyekwenda kukaa Meru bila mkuki, na kijana wa Meru aliyethubutu kumsogelea amsikilize, huku wenye umri mkubwa wakikumbuka vizuri sana ng'ombe walikokwenda. Hapo Nkoaranga na Ilboru palitoka baadaye walimu na wachungaji wa Meru na Arusha wenyewe.

Mwalimu wa darasa moja

Kuanzia miaka ya 1900 hadi Vita Kuu ya Kwanza, Injili haikuenea mlimani kwa mahubiri ya wamisionari hasa. Wamisionari walikuwa wachache, na bonde moja la Kilimanjaro humchosha hata mwenye miguu ya mlimani. Ilienea kwa njia ya shule. Kila kituo kikuu kilizaa shule ndogo katika vitongoji, na kila shule ndogo ilihitaji mwalimu, na mwalimu aliyepatikana alikuwa kijana aliyebatizwa juzi. Kwa ajili ya watu kama hao Misioni ya Leipzig ilianzisha mafunzo ya ualimu, ambayo yalipata makao yake Marangu.

Kazi ya kijana huyo ilikuwa ya namna mbili bila mpaka kati yake. Siku za wiki aliwafundisha watoto kusoma, kuandika, kuhesabu na kuimba. Jioni aliongoza sala. Siku ya Bwana jengo lile lile liligeuka kuwa nyumba ya ibada, na yeye akageuka kuwa mhubiri. Alitembelea wagonjwa, alisuluhisha ugomvi wa mume na mke ambao walimzidi umri mara mbili, aliwaandaa wanafunzi wa ubatizo, alizika. Posho yake ilikuwa ndogo. Watu walimwita Mwalimu, na heshima ya jina hilo ilikuwa kubwa kiasi kwamba hata leo katika sharika nyingi wazee humwita mwinjilisti wa mtaa kwa jina hilo hilo, ingawa hana ubao wala chaki.

Hapa ndipo penye kiini cha historia ya vijana katika kazi ya misioni upande huu wa nchi. Kijana hakuhudhuria semina ya uinjilisti ili siku moja awe mwinjilisti. Alipewa watu. Alipewa kitongoji chenye majina, chenye walevi wake na wajane wake, akaambiwa arudi kituoni baada ya majuma kadhaa kutoa habari. Alikosea mara nyingi, kama taarifa za wamisionari zinavyolalamika. Wengine walianguka kabisa, wengine waliacha kazi wakafuata mishahara ya serikali na mashamba ya walowezi. Lakini idadi ya waliodumu ilitosha kubeba kanisa zima wakati mtihani mkubwa ulipofika.

Miaka ya kuachwa

Vita ya 1914 hadi 1918 iliwachukua vijana wengi wa Afrika Mashariki kuwa askari na wapagazi, na Wakristo hawakuachwa. Vita ilipokwisha, utawala ukawa wa Waingereza, na mwaka 1920 wamisionari Wajerumani waliondolewa nchini. Kaskazini walibaki Leonhard Blumer na Alexander Eisenschmidt, ambao kwa kuwa walikuwa wazaliwa wa Baltiki hawakuhesabiwa pamoja na Wajerumani. Watu wawili kwa mlima mzima, kwa Meru, Arusha na Upare! Wamisionari wa Kilutheri kutoka Marekani walianza kufika kusaidia mwaka 1922, nao wa Leipzig wakaanza kurudi kuanzia mwaka 1925.

Katikati ya hapo kanisa halikufa, wala halikungoja. Walimu waliendelea kufungua milango ya shule asubuhi na kugonga kengele siku ya Bwana. Mashtaka ya nidhamu yaliamuliwa, sadaka zilikusanywa, watoto walifundishwa. Kitu kimoja hawakuweza kukifanya. Kwa kuwa hakuna hata mmoja wao aliyekuwa amebarikiwa kuwa mchungaji, Meza ya Bwana ilibidi ingoje mpaka Mzungu apite. Miaka ilikuwa imekaribia 30 tangu Nkarungo, na mikono iliyoaminiwa kubeba shule, kuzika wafu na kulinda kundi ilikuwa bado haijaaminiwa kumega mkate.

Hata baada ya miaka hiyo ya kuachwa hatua haikuchukuliwa haraka. Wachungaji wazalendo wa kwanza wa kanisa la Kaskazini walibarikiwa mwaka 1934, miongoni mwao Lazaros Laiser wa Arusha na Solomon Nkya wa Machame. Waliokuwa vijana wakati wa vita walikuwa sasa watu wazima wenye familia. Inawezekana kutaja sababu za kuchelewa huko: uangalifu wa Kilutheri kuhusu mafundisho, hofu ya kuharakisha, mazoea ya kuwaona Waafrika kuwa watoto wa kiroho. Sababu ya mwisho ndiyo iliyokuwa nzito kuliko zote, na athari yake haikwisha Wazungu walipoondoka, kwa maana wazee wazalendo waliirithi wakaitumia kwa vijana wao wenyewe.

Mfano wa Stefano Moshi unaonyesha pande zote mbili za jambo hili. Alizaliwa mwaka 1906 Kotela, Mamba. Akasomea ualimu Marangu, akafundisha kwa miaka mingi, akiwa mmoja wa kizazi cha vijana ambao kanisa liliwapa darasa kabla hawajaota ndevu vizuri. Alibarikiwa kuwa mchungaji mwaka 1949, akiwa amekwisha kuvuka miaka 40. Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio, na mwaka 1963, makanisa 7 ya Kilutheri ya Tanganyika yalipoungana kuwa kanisa moja, alichaguliwa kuwa mkuu wake wa kwanza. Hazina hiyo ilikuwapo siku zote. Ilingoja tu kufunguliwa.

Rika na ngao

Bruno Gutmann, aliyefika nchini mwaka 1902 na kufanya kazi Moshi ya Kale kwa sehemu kubwa ya maisha yake ya utumishi hadi mwaka 1938, alikuwa na fikra nyingine kuhusu vijana. Aliona kwamba Mchagga hakuwa mtu mmoja mmoja; alikuwa wa ukoo, wa ujirani na wa rika. Wamisionari wengi waliona vifungo hivyo kuwa kikwazo. Gutmann aliviona kuwa zawadi ya Mungu ambayo Injili ingeweza kuitumia. Alikaa na wazee, akaandika mafundisho ya jando waliyokuwa wakiwapa vijana, kazi iliyotoka katika vitabu vinene vya Kijerumani ambavyo hadi sasa ni hazina ya wanaotafuta mila za Wachagga.

Katika usharika alilitumia jambo hilo kwa wanafunzi wa kipaimara. Aliwaunganisha katika vikundi vidogo vya wenzi, kwa mfano wa wapiganaji wanaokingana kwa ngao zao, ili kila kijana ajue ni nani atakayemuuliza akikosa ibada, na ni nani atakayesimama naye akishtakiwa, akiugua, au akijenga nyumba. Kipaimara kwa namna hiyo hakikuwa mwisho wa masomo. Kilikuwa kuingia katika rika la watu wenye wajibu.

Fikra hiyo ilikuwa na udhaifu wake. Gutmann aliogopa mji, fedha na elimu ya kizungu kuliko vijana wenyewe walivyoviogopa. Wao walitaka shule zaidi. Kahawa ilikuwa ikiingiza fedha mlimani. Mwaka 1925 wakulima waliunda chama chao, na mwaka 1933 kikazaliwa Chama cha Ushirika cha KNCU. Kijana mwenye mizizi ya kahawa na mwenye darasa la kutosha hakutaka kuambiwa kwamba usalama wake wote uko katika ukoo. Pamoja na hayo, mtu anayetazama kipaimara cha leo, jinsi watoto wanavyovishwa vizuri siku moja na kutoonekana tena baada ya majuma machache, anaweza kujiuliza kama ngao za Gutmann hazikutupwa mapema mno.

Shule zilipochukuliwa

Miaka ya 1950 na mwanzo wa miaka ya 1960 ilikuwa ya furaha kubwa. Mwaka 1955 Walutheri wa Afrika walikutana Marangu katika mkutano wao wa kwanza wa bara zima. Chuo cha theolojia kilichoanza Lwandai, Usambara, mwaka 1947 kilikuwa kimehamia Makumira mwaka 1954. Redio ya Sauti ya Injili ilianza kutangaza kutoka Addis Ababa mwaka 1963, vipindi vyake vya Kiswahili vikitayarishwa Moshi, mpaka kituo hicho kilipochukuliwa na serikali ya Ethiopia mwaka 1977. Vijana wengi waliozaliwa miaka hiyo walisikia mahubiri kwa mara ya kwanza nje ya kanisa kupitia redio ya jirani.

Kisha likaja badiliko ambalo halikulengwa kwa vijana wa kanisa, lakini liliwagusa kuliko wengine. Kwa Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 serikali ya Tanzania ilizitaifisha shule za mashirika ya dini. Nia ilikuwa njema kwa taifa: watoto wa dini zote wapate nafasi sawa. Viongozi wengi wa kanisa waliikubali. Lakini siku ile mwalimu na mwinjilisti, waliokuwa mtu mmoja kwa zaidi ya miaka 70, walitenganishwa. Mwalimu akawa mtumishi wa serikali mwenye mshahara wa serikali. Mwinjilisti akabaki na kanisa, akiwa na posho iliyotegemea matoleo ya mtaa, na mitaa mingi ilikuwa maskini. Kijana mwenye akili aliyemaliza shule hakuona tena njia ya wazi iliyomtoa darasani na kumweka mbele ya watu kwa jina la kanisa.

Nafasi aliyobakiwa nayo ilikuwa kwaya. Hapana budi kusema kwaya za vijana zimefanya kazi kubwa, nazo zimeingiza Injili katika nyumba ambazo mhubiri asingefunguliwa mlango. Lakini kijana anayeimba miaka 15 bila kuulizwa anafikiri nini kuhusu bajeti ya usharika, au kuhusu kijiji kisicho na mtaa, ni kijana aliyewekwa kando kwa heshima.

Waliokwenda bila kutumwa

Wakati huo huo vijana walikuwa wakiondoka. Vihamba viligawanywa hadi havikuweza kugawanywa tena, na aliyekosa ardhi alishuka: Arusha, Mwanza, Dar es Salaam, Nairobi. Mlimani walirudi wakati wa Krismasi, wakijaza makanisa kwa juma moja au mawili. Wazee walihesabu idadi yao kuwa hasara.

Ikiangaliwa kwa upande wa misioni, hesabu hiyo ina makosa. Walutheri waliohamia miji isiyokuwa na usharika wao hawakungoja mchungaji. Walikutana vyumbani, wakaimba nyimbo za nyumbani, wakachangishana, wakaandika barua ya kuomba mtumishi. Sharika nyingi za mijini zilianza hivyo. Nairobi ni mfano mkubwa zaidi. Watanzania waliokwenda huko kutafuta kazi walikuwa mbegu ya kanisa la Kilutheri ambalo kwa muda lilikuwa Sinodi ya Kenya chini ya KKKT, nalo likajitegemea mwaka 1992. Hawakuwa na barua ya kuwaagiza kwenda kuhubiri. Walikuwa na barua za kuombea kazi.

Katika shule za serikali nako, vijana walijipanga wenyewe. Umoja wa Kikristo wa Wanafunzi Tanzania, UKWATA, uliwaweka pamoja wanafunzi wa makanisa mbalimbali, nao wakaongoza ibada, mafundisho ya Biblia na mikutano ya Pasaka bila mchungaji kuwasimamia kila hatua. Mwanafunzi aliyekuwa mwenyekiti wa mamia ya wenzake shuleni alirudi nyumbani likizo, akakuta katika usharika wake kwamba hawezi hata kusoma somo la siku. Aghalabu alirudi pia na moto wa uamsho, na namna za kuomba ambazo wazee hawakuzizoea. Miaka ya 1980 na 1990 ilijaa mashaka ya pande zote mbili. Wapo vijana waliohamia makanisa ya kipentekoste kwa sababu za imani. Wapo pia waliohama kwa sababu huko walipewa kipaza sauti katika juma la pili.

Kwa wasichana mlango mmoja mkubwa ulifunguliwa mwaka 1990, KKKT iliporidhia wanawake kubarikiwa kuwa wachungaji. Binti wa kipaimara wa leo humwona mwanamke madhabahuni kama jambo la kawaida, na huenda asijue kwamba bibi yake, ambaye pengine alifundisha shule ya Jumapili kwa miaka mingi, hakuwahi kuliona hilo katika ujana wake.

Tumaini na mizigo yake

Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu Watanzania 61,741,120, na zaidi ya nusu yao wana umri chini ya miaka 25. KKKT yenyewe, iliyoanza na makanisa 7 mwaka 1963, imekuwa miongoni mwa makanisa makubwa kabisa ya Kilutheri duniani, ikiwa na waumini zaidi ya milioni 6. Kwa hiyo swali la vijana halihusu idara moja ya kanisa. Linahusu wengi wa watu wenyewe.

Yapo mambo ya kuzuia furaha ya haraka. Mzazi wa mlimani anayeuza ndizi ili kumsomesha mwanawe hapendi kusikia kwamba mtoto huyo anataka kuwa mwinjilisti, na hawezi kulaumiwa, maana anaona jinsi mwinjilisti wa mtaa wake anavyoishi. Harambee za kujenga kanisa jipya hujaa upesi kuliko mfuko wa kumtunza mtu atakayehubiri humo. Ahadi za vijana nazo si za kuaminiwa zote. Kuna wanaojiandikisha kwenda safari ya injili kwa sababu ya basi na wenzao, na baada ya safari hawaonekani. Walimu wa kwanza nao walikuwa na watu wa namna hiyo.

Lakini tumaini lipo, na lina mahali pa kuonekana. Linaonekana kwa fundi wa simu ambaye hufunga kibanda chake Jumamosi mchana ili afundishe watoto wa mtaa wa tambarare. Linaonekana kwa wahitimu wasio na ajira ambao, badala ya kukaa kijiweni, wamegawana kaya za wagonjwa wa kutembelea. Linaonekana katika sharika ambazo zimempa kijana wa miaka 22 kura halisi katika baraza la wazee, pamoja na funguo za jengo, na zikavumilia alipokosea hesabu. Kila mahali pa namna hiyo kuna mzee fulani aliyeamua kuachia kitu alichokuwa amekishika, na ni haki kumtaja mzee huyo pamoja na vijana.

Vivyo hivyo kwa nyika. Kazi kati ya wafugaji, chini ya mlima na mbali zaidi ya hapo, imebebwa kwa kiasi kikubwa na wainjilisti waliojifunza kutembea mwendo wa mfugaji, kulala bomani, kuhama watu wanapohama, na kusema Kimaasai bila kuwachekesha watoto. Wengi walianza wakiwa vijana, kwa maana kazi hiyo inataka magoti mazima. Chuo cha Biblia na Theolojia cha Mwika, upande wa mashariki wa Kilimanjaro, kimewaandaa wengi wao, wakitoka katika familia za migombani ambazo hazikuwa na desturi ya kukaa siku tatu bila kuona mgomba.

Anayehitimu huko na kupangiwa mtaa mpya wa tambarare hufika mara nyingi na mfuko mmoja wa nguo, Biblia, kitabu cha nyimbo na simu isiyoshika mtandao vizuri. Hukuta jengo la mabati lisilo na madirisha, au mti tu. Hukuta akina mama wachache, mzee mmoja au wawili wanaomtazama kwa mbali bila kusema kitu, na watoto wengi kuliko wote. Kwa kawaida huanza na watoto.